Beleshi la Nne

Wanachuo walishuka kwenye lori la ushirika saa nne asubuhi, Juni ya mwaka sabini na moja, na kabla vumbi halijatulia nilikuwa nimeshamchukia mmoja wao. Nasema ukweli kwa sababu umri wangu wa kudanganya umekwisha. Walikuwa kumi na wanne, wamekuja Mwandutu, kijiji chetu cha ujamaa nyuma ya Ziba, kutumia likizo yao ndefu kujitolea kutujengea shule. Kumi na watatu sikuwa na neno nao. Huyu wa kumi na nne aliruka chini wa mwisho, akajipangusa suruali, akauliza kwa sauti ya mtu aliyefika kwao, "Haya, Wanyamwezi wangu wako wapi? Nani atanibebea mzigo?"

Watu wakatazamana. Mama mmoja akamwuliza, "We mtoto, kabila gani?"

"Mzaramo, mama. Wa Kisarawe. Naitwa Shomari."

Basi, kijiji kizima kikaangua kicheko. Mzaramo ni mtani wetu. Babu zetu ndio waliobeba pembe za ndovu kutoka huku Unyamwezi mpaka Bagamoyo, na njia ya kufika pwani ilipita kwao. Huko walikorofishana, wakauguzana, wakazikana, mwisho wakapatana kwa mzaha. Tangu hapo Mzaramo akija kwako anaweza kukuvua kofia akaivaa, akala chakula chako, akamwita mkeo mke wake, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Dawa yake ni kumrudishia mzaha mkubwa kuliko wake. Ukikasirika umeshindwa, na wazee watakutoza faini ya kuvunja utani.

"Mzaramo na kazi wapi na wapi," mwenyekiti wa kijiji akamtupia. "Hapa hakuna ngoma ya kucheza wala nazi ya kukuna."

"Sijaja kufanya kazi, mzee. Nimekuja kuwasimamia. Babu aliniambia ukiwa na Wanyamwezi hushiki kitu kizito."

Wakacheka tena, hata baba yangu, Mzee Anton, ambaye hacheki ovyo. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kamba ya msingi mkononi, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia wageni kwamba fundi ndiye huyu.

Kwa sababu fundi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekaa miaka minne Tabora mjini, kule Ipuli, kwa Fundi Mabruki, mzee wa Singida, wa maneno machache, ambaye hakumruhusu mwanafunzi wake kushika mwiko wa kujengea mpaka amejua kuchimba. Alikuwa akisema hatapandisha ukuta wa mtu kabla hajaonja udongo wake, na kweli alikuwa anauonja, kwa ulimi. Niliporudi kijijini matofali yote ya ile shule niliyasimamia mimi. Tuliyafyatua mvua zilipokatika, tukayakausha, tukapanga tanuri, tukalichoma siku tatu. Vigingi nilivipigilia mimi. Wageni walipofika waliambiwa tu, "Matofali yapo," kana kwamba yaliota.

Lakini hilo la shule lilikuwa dogo. Mwaka ule nilikuwa nataka kitu kimoja, nacho ni Nyamizi, binti wa Mzee Yoramu. Nilikuwa nimeshamposa. Ng'ombe wa baba walikuwa wameshatoka kwenye zizi letu wakaingia kwenye zizi lao, na ndoa ilikuwa ifungwe Septemba, pamba ikishauzwa. Nilikuwa nimemjengea nyumba ya tofali za kuchoma yenye madirisha mawili yanayotazama njia ya kisimani, ili akichungulia awaone wenzake wakipita. Kila jioni nilikuwa napita kuitazama ile nyumba, na nafsi yangu inaniambia, Silasi, umefika.

Kwetu binti aliyeposwa hajichekeshi mbele ya mwanamume wake. Huinama, hujibu kwa neno moja, hukupa maji kwa mikono miwili na kuondoka. Nyamizi alifanya yote hayo barabara. Kwa hiyo nilidhani nimepata mwanamke mpole, wa maneno machache kama mimi.

Siku ya tatu ya kazi wasichana walituletea maji msingini. Shomari alikuwa ameinamia jembe, jasho linamtiririka, viganja vimeshachubuka. Akamwona Nyamizi na debe lake kichwani.

"Mke wangu," akasema, "umechelewa. Mumeo nakufa kwa kiu."

Nyamizi alitua debe chini, akajishika kiuno. "Nimechelewa, mume wangu, kwa sababu nilikuwa nazunguka kwa majirani kuuliza kama wana mume mwingine wa akiba. Huyu niliyeletewa kutoka pwani, jembe analishika kama mwiko wa ugali."

Watu walikaa chini kwa kucheka. Yule Mzaramo mwenyewe alidondosha jembe. Na Nyamizi hakuishia hapo. Alimwigiza Shomari anavyolima, anavyojipangusa jasho, anavyotazama jua kuona kama limesogea, mpaka wazee wakamwomba aache mbavu zisivunjike.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika timazi, nikajifanya napima kona ambayo nilikuwa nimeshaipima asubuhi. Sikuwa najua kwamba Nyamizi anachekesha. Muda wote wa uchumba wetu, ukiyakusanya maneno yote aliyoniambia, hayafiki yale aliyompa mtu aliyemfahamu kwa siku tatu. Nilijisikia kama mtu aliyenunua debe la asali akalitunza uvunguni, kisha akamkuta mpita njia analamba.

Niitwe nitakavyoitwa, ule ulikuwa wivu. Ulianza siku ile na kila siku ulipata chakula chake. Mama yake Nyamizi, Mama Bertila, aliona malengelenge ya Shomari, akaita, "Mayo, mama wee, mikono ya mtoto wa watu," akamkalisha kwenye kigoda na kumpaka samli kidole kimoja kimoja. Mikono yangu ilikuwa imepasuka kwa chokaa tangu Ipuli, na jambo pekee ambalo mama yule alikuwa amewahi kuniambia kuhusu mikono ni kwamba ninawe vizuri kabla ya kula. Watoto walijifunza nyimbo za Shomari. Baba yangu alianza kumwekea kiporo. Mzee Yoramu, baba mkwe wangu mtarajiwa, ambaye kwangu alikuwa akiitikia "marahaba" na kuendelea na shughuli zake, alimwonyesha Shomari mpaka fahali wake wa mbegu.

Beleshi langu nalo lilikwenda. Lilikuwa beleshi zuri, mpini wa mninga niliouchonga mwenyewe ukalingana na mkono wangu. Shomari alilichukua asubuhi moja nikiwa nakunywa uji, akasema, "Hili sasa la mtani," na mimi ningesema nini mbele ya watu? Siku ile ile ofisa kutoka wilayani alikuja na kamera. Akampiga picha Mzaramo amesimama na beleshi langu begani, na nyuma yake Nyamizi na debe, anacheka meno yote nje.

Lililonikera kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa suala la kina. Mchoro wa wilayani ulisema msingi uwe futi mbili. Nikawaambia hapana. Udongo wetu pale ni mweusi, udongo wa mbuga, kiangazi unapasuka nyufa na masika unavimba, ukijenga juu juu ukuta utachanika kabla ya watoto kumaliza darasa la pili. Nikasema futi nne, mpaka tuufikie ule udongo mwekundu wa chini. Kiongozi wa wanachuo, kijana mmoja anaitwa Kornel aliyekuwa anasomea sheria, alinisikiliza kwa heshima sana, kisha akasema, "Tunashukuru kwa maoni, ndugu, ila mchoro ndio mwongozo."

Shomari alikwenda kwenye ufa mmoja wa ardhi, akapiga magoti, akauingiza mkono mpaka kiwiko kikapotea. Akageuka akasema, "Kornel, njoo uingize mchoro wako humu. Fundi anasema kweli. Tuchimbe nne."

Wakakubali pale pale. Jioni watu walikuwa wanasema yule Mzaramo ana akili. Na yeye, nasema haki, kila aliyemsifu alimjibu, "Si mimi, ni Silasi." Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu akikuibia ukamshika, angalau una la kusema. Huyu alinirudishia changu mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na bado sifa ilibaki kwake, tena ikaongezeka.

Basi tulichimba futi nne, na nilichimba kwa hasira mpaka wenzangu wakaniuliza kama kuna kitu nimezika chini. Tulimaliza Ijumaa moja ya katikati ya Julai. Kesho yake ilikuwa tuanze kupanga mawe. Watu walikuja wengi kuutazama msingi, wanaume kwa wanawake, kwa sababu haukuwahi kuchimbwa msingi mrefu namna ile upande wetu. Mimi nilikuwa nasawazisha kona ya mwisho na beleshi langu, maana siku ile nililiwahi kabla ya mtani.

Shomari alitazama lile shimo, akalitazama tena. Kisha akaruka ndani, akalala chali chini kabisa, akakunja mikono kifuani na kufumba macho.

"Nimekufa," akasema kutoka kule chini. "Wanyamwezi wameniua kwa kazi. Na sitoki humu mpaka nipewe mke wangu Nyamizi."

Kila mtu alielewa. Kwetu mtu akifa na watani wapo, mtani mmoja huingia kaburini kabla ya maiti, akalala, akagoma kutoka mpaka wafiwa wampe anachotaka, kuku, kanga, chochote. Ndivyo tunavyowachekesha wenye msiba. Kwa hiyo wanawake walipomwona amelala mle walijitwika mikono kichwani wakaanza kuomboleza kwa mzaha. Nyamizi alisogea mpaka ukingoni akawashinda wote.

"Mume wangu wee," akalia, "unaniachia nani? Hukuwahi kunichanjia hata kuni moja. Ulikuja na mdomo, unakwenda na mdomo. Huko uendako waambie wakupe kazi ya kukaa."

Maiti ilitingishika kwa kucheka. Kijiji kilitingishika. Nikachota udongo nikammwagia miguuni.

Watu wakapiga makofi. "Mzike, Silasi! Mzike!" Walifurahi kwa sababu lile lilikuwa jibu sahihi, mzaha mkubwa kuliko wa mtani, na walikuwa wamengoja mwezi mzima nami nicheze. Nikachota beleshi la pili, likamwangukia tumboni. La tatu kifuani. Shomari alikuwa bado amefumba macho, anacheka, anasema, "Polepole, ndugu zangu, marehemu anasikia baridi."

La nne nililijaza. Nilichagua upande wenye mabonge, yale meusi yaliyokauka ambayo ukiyagonga yanalia kama mawe. Nilimsubiri afungue mdomo aseme neno jingine, na alipoufungua nikamwagia usoni.

Nilimsikia akikohoa. Niliona mkono wake ukiinuka kutafuta ukingo, na mimi nilikuwa nimeshalijaza la tano na kulinyanyua. Kuna mtu akalishika beleshi kwenye mpini. Alikuwa baba. Alikuwa anacheka, au alikuwa na uso wa mtu anayecheka, akasema, "Inatosha, mwanangu, ameshazikika." Lakini mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania mpini sawasawa.

Shomari akainuka. Alitema udongo, akatema tena, macho mekundu, na juu ya nyusi damu ilikuwa inashuka mahali bonge lilipompata. Kelele zilikatika. Alinitazama, na nikajua kwamba anajua. Neno lake moja tu lingetosha. Wazee walikuwepo, mwenyekiti alikuwepo, baba mkwe wangu alikuwepo. Ningetozwa faini, ningeaibika, na stori ingesimuliwa mpaka Nzega.

Akajipangusa damu kwa kiganja, akaitazama, akasema, "Nimekoma. Watu hawa wanajua kuzika. Natoka bure, hata mke nimemsamehe."

Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza, na sasa kilikuwa na nafuu ndani yake. Akaninyooshea mkono nimvute. Nikamvuta. Kiganja chake kilikuwa kimeshakuwa kigumu, kigumu kama changu, na hata hilo nililionea wivu. Watu walinipiga mgongoni wakisema leo Silasi ameamka. Niligeuka kumtafuta Nyamizi. Alikuwa amelitwika debe lake, bado lina maji nusu, na alikuwa ameshafika mbali.

Kesho yake mchana nilikwenda kwao. Nilimkuta anapepeta mtama mbele ya nyumba, mama yake yupo karibu. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba," akajibu Mama Bertila, akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni.

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga kusema habari za mawe ya msingi. Nyamizi hakuniinamia kama siku zote. Aliendelea kupepeta.

"Beleshi la kwanza nilicheka," akasema. "La pili nikacheka. Nikasema moyoni, kumbe mwanamume wangu naye anaweza, nikaona raha. Nilikuwa natamani ucheze tangu siku ile ya kwanza. Nilikuwa namjibu yule ili na wewe unisikie."

"Ulikuwa mzaha," nikasema. "Kila mtu amesema ulikuwa mzaha."

"La tatu nikakutazama usoni."

Mtama ulikuwa unaruka kwenye ungo na kurudi, makapi yanaanguka miguuni kwake.

"Mwezi mzima ananiita mke wake," akasema, "na hakuna aliyeamini. Hata yeye haamini. Ana mchumba kwao, ametuonyesha picha yake, anaitwa Mwanahawa. Wewe peke yako ndiye uliyeamini, Silasi. Umenifikiria hivyo mimi."

"Sikukufikiria vibaya."

"Basi nijibu jambo moja." Akauweka ungo chini. "Kama tusingekuwepo sisi pale. Kama baba yako asingekushika, na hakuna mtu juu ya lile shimo ila wewe na yeye. Ungeacha?"

Jibu nililijua. Jibu ni neno moja, mtoto wa darasa la kwanza analijua. Lakini nilikumbuka uzito wa lile beleshi la tano, jinsi lilivyokuwa limeshanyanyuka, na jinsi nilivyochukia mkono wa baba ulipolishika. Nikachelewa. Sikuchelewa sana, pengine muda wa kuvuta pumzi mara mbili, ndipo nikasema, "Ningeacha."

Nyamizi akaokota ungo. "Haya," akasema. "Nenda salama."

Alimwambia baba yake kwamba hanitaki. Alipigwa, akasema hanitaki. Shangazi zake wakaitwa kutoka Igunga, wakamweka kati siku mbili, akasema hanitaki. Walimwuliza sababu, akasema hana sababu. Hakumwambia mtu yeyote alichokiona, wala siku ile wala baadaye, na afadhali angesema. Ningepata wa kubishana naye.

Ng'ombe walirudi mwanzoni mwa Agosti. Walipitishwa asubuhi, katikati ya kijiji, kando ya msingi ambao sasa kuta zilikuwa zimefika kifuani, na mimi nilikuwa juu ya jukwaa napanga matofali. Wanachuo waliacha kazi kuwatazama kwa sababu ni ng'ombe wazuri. Waliuliza wanakwenda wapi, na hakuna Mnyamwezi aliyewajibu. Shomari ndiye peke yake ambaye hakuuliza. Alikuwa ananipandishia tofali moja moja kutoka chini, na aliendelea kunipandishia, na siku ile hakutania mtu.

Waliondoka mwisho wa mwezi, tumeshafunga lenta juu ya milango na madirisha. Aliniaga kwa mkono kama wenzake. Sikumwomba radhi. Wakati ule niliamini kwamba yeye ndiye aliyeniharibia, na niliendelea kuamini kwa miaka kadhaa, maana hilo lilikuwa rahisi kubeba kuliko kweli yenyewe.

Nyamizi hakuolewa na Mzaramo, kama mtu anadhani. Aliolewa na dereva wa lori la pamba, Msukuma mmoja wa Nzega mwenye mwanya, mtu wa kucheka hata pasipochekesha. Walipanga nyumba barabarani, na nikienda mnadani nilikuwa nalazimika kupita pale. Mara nyingi niliwasikia wanacheka kabla sijaiona nyumba. Mimi nilikaa kwenye ile yangu ya madirisha mawili. Nilioa baadaye mwanamke mwema, na madirisha yale aliyawekea mapazia.

Shule imesimama mpaka leo. Haina ufa. Mtu akija namwonyesha, namwambia ni kwa sababu ya futi nne, na kama yupo mzee wa zamani karibu atadakia, "Yule Mzaramo alikuwa na akili."

Baba alifariki mwaka themanini na nne, mwezi wa tisa, ardhi imekauka. Tulichimba kaburi tangu alfajiri. Nyufa zilikuwa pale pale na udongo ulikuwa mweusi ule ule. Saa saba mchana, jeneza likiwa bado ndani ya nyumba na wanawake wanalia, ilikuja Landrova ya idara ya maji kutoka Tabora. Akashuka mtu mnene kidogo, ana kipara kinachoanza. Nilimtambua kwa kovu juu ya nyusi. Alikuwa amehamishiwa Tabora mwaka ule, na mtu wa ushirika alikuwa amempa habari ya msiba.

Hakusalimia mtu. Alivua viatu, akavua saa, akapita katikati ya waombolezaji, akaingia kaburini kwa baba yangu, akalala chali na kukunja mikono kifuani.

"Sitoki," akasema. "Mzee huyu aliniwekea kiporo. Hazikwi bure."

Wanawake waliokuwa wanalia walianza kucheka na machozi yao. Shangazi yangu akasema, "Mtani amefika, mpeni haki yake." Wakamletea kuku, akamkataa. Wakamtupia kanga, akaitupa juu. Wakamwuliza anataka nini. Yeye alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nimesimama ukingoni, mtoto mkubwa wa marehemu, na mikononi nilikuwa na lile lile beleshi la mpini wa mninga, kwa sababu ndilo tulilochimbia. Upande wa wanawake nilimwona Nyamizi. Alikuja kumzika mzee aliyekaribia kuwa baba mkwe wake, mtoto mgongoni.

"Sitaki kuku," Shomari akasema. "Sitoki humu mpaka Silasi aweke beleshi chini."

Watu walicheka sana. Waliona ni mzaha mpya, wakasema huyu Mzaramo hajazeeka. Sisi watatu ndio tuliojua. Alikuwa amelala na uso wazi, bila kujikinga, futi sita chini, na safari hii macho hakuyafumba. Nililiweka beleshi chini. Nikabaki na mikono mitupu mbele ya watu, sijui niipeleke wapi, mpaka aliponinyooshea wake nikamvuta juu.

"Nisamehe," nikasema, sikioni.

"Kwa lipi?" akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Mnyamwezi amenivuta bila kulipwa, leo dunia imegeuka."

Wakacheka tena wote. Katikati ya vicheko vile nilikisikia kimoja nilichokuwa nakijua, kile kile cha siku ya debe la maji. Nyamizi alikuwa anacheka, ameshika mdomo, mtoto anarukaruka mgongoni. Mbele ya kaburi la baba yangu, na rafiki yule amenishika mkono, na msamaha nimeshaupata, bado niliona wivu.